Ndoa Ufukweni: Kosa si la Mchanga

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba wake. Ama baad.



Nimetakiwa nizungumzie jambo linaloulizwa sana na vijana wa mwambao wetu, wa Tanga, Dar es Salaam na Unguja: je, yafaa Muislamu afunge ndoa ufukweni mwa bahari? Wazee wengi hujibu upesi kwamba huo ni uzungu, basi. Kijana akishajibiwa hivyo huondoka msikitini, akaipanga harusi yake pasina kumuuliza mtu tena. Hapo ndipo tunapompoteza.

Nguzo za ndoa zinajulikana: mume na mke wasio na kizuizi, walii, mashahidi wawili waadilifu, na tamko la kuozesha na kukubali. Mahari ni haki ya mke, kama ilivyoamrishwa katika Surat An-Nisaa, aya ya 4. Paa na ukuta havimo katika nguzo hizo. Kufunga ndoa msikitini ni jema, lakini si sharti. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipomuoa Bi Safiyya bint Huyayy (r.a.), mwaka wa 7 Hijria, alifanya walima njiani akirejea kutoka Khaybar. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia, na Imamu Bukhari akaipokea, kwamba hapakuwa na mkate wala nyama. Yalitandikwa matandiko ya ngozi, zikawekwa tende, maziwa yaliyokaushwa na samli, watu wakala. Basi mchanga wa Kigamboni una kosa gani?

Hauna kosa. Kosa huja na mipango.

Tazameni saa inayochaguliwa. Wapambaji na wapiga picha huipenda saa ya jua kuzama. Kwetu sisi jua likizama, swala ya Magharibi imeingia, na katika nchi hizi za karibu na Ikweta wekundu wa mbingu haudumu. Baada ya saa moja na robo hivi, Isha imeingia. Bibi harusi amepambwa uso, hataki kutia udhu. Bwana harusi anapigwa picha. Wageni wanaona haya kuondoka. Ndoa inaanza kwa kupotezwa fardhi! Afadhali ifungwe mara baada ya Alasiri, kisha adhana ya Magharibi isomwe pale pale mchangani. Hapa Dar es Salaam kibla ni kaskazini, kwa hiyo bahari itakuwa mkono wa kulia wa safu.

Na anayepanga siku aitazame kalenda yetu ya mwezi. Wavuvi wanajua kwamba mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua, na katika mwambao huu maji hujaa mnamo saa kumi alasiri. Mikeka iliyotandikwa saa nane itaelea. Mwezi saba au nane, na ishirini na mbili, ni maji mafu. Bahari haipandi sana.

Jambo la stara halihitaji maneno mengi. Wazee wetu walikuwa na utaratibu wao: walii huchukua ridhaa ya binti mapema, wanaume wakakaa kwenye nikaha, wanawake wakawa na shughuli yao. Kumtembeza bibi harusi mchangani, upepo ukilibana shela mwilini mbele ya wanaume ajinabi, ni mtindo wa sinema, nao unapingana na Surat An-Nur, aya ya 30 na 31. Ufukwe hauna mlango wa kufunga.

Lililo zito zaidi ni gharama. Hoteli za pwani huhesabu vichwa, na kila kichwa kina bei yake. Hapo kamati hukaa na kuanza kukata majina. Nani hukatwa? Si mkurugenzi aliyetoa mchango mkubwa. Hukatwa shangazi wa shamba, jirani muuza mkaa, na maamuma wa safu ya nyuma aliyeshindwa kulipia kadi. Mtume (s.a.w.) alikiita kibaya kuliko vyakula vyote kile cha walima wanakoalikwa matajiri na kuachwa mafakiri. Abdurrahman bin Awf (r.a.), aliyekuwa tajiri, aliambiwa afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Sasa kijana mwenye mshahara wa kawaida anakopa kwa riba apate maua na viti vyeupe, na mahari ya mke bado ni deni!

Hoteli nyingine huuza pombe hatua chache kutoka kwenye nikaha. Mtume (s.a.w.) amekataza kukaa kwenye meza inayopitishwa pombe, hivyo shekhe akiinuka na kuondoka msimlaumu. Liandikwe katika mkataba, kabla ya kulipa chochote, kwamba eneo lote la shughuli halitakuwa na pombe. Mwenye hoteli akikataa, ipo pwani ya kijiji. Ombeni ruhusa kwa serikali ya mtaa, kodini maturubai mawili, la wanaume na la wanawake, pilau ipikwe hapo hapo, na wavuvi wanaovuta nyavu zao waitwe waje kula.

Wabillahi Tawfiq.