Tuba na Vipimo Vyake: Hotuba kwa Usharika katika Jubilei ya Miaka 100



Nimeombwa niseme machache juu ya tarumbeta, nami nimeichagua ile iliyo kubwa kuliko zote, yaani tuba. Ndiyo ibebayo besi ya nyimbo zetu. Ikinyamaza, sauti nyingine hukosa msingi. Na kwa kuwa tumekusudia kununua tuba mpya kwa ajili ya vijana, yafaa tujue jinsi zinavyopimwa, ili sadaka ya watu isinunue chombo kisichopulizika.

Desturi ya tarumbeta kanisani tuliipokea kutoka Ujerumani, na huko ndiko tuba ilikozaliwa. Wilhelm Wieprecht na fundi Johann Gottfried Moritz walipewa haki ya uvumbuzi wake mjini Berlin mwaka 1835. Tuba yao ilikuwa ya F.

Kipimo cha kwanza ni sauti ya msingi, nayo hutokana na urefu wa bomba. Bomba la tuba ya F likinyoshwa lina meta 3.7 hivi, la E-flati meta 4, la C meta 4.9, na la B-flati meta 5.5. Kadiri bomba linavyorefuka, ndivyo sauti inavyoshuka.

Kipimo cha pili ndicho kinachowachanganya wengi. Wauzaji husema tuba ni ya robo tatu, robo nne, robo tano au robo sita. Mtu aweza kudhani kwamba ya robo tatu ina bomba fupi. Sivyo. Tuba ya B-flati ya robo tatu na ya robo sita zina urefu ule ule wa bomba na noti zile zile. Tofauti ni unene wa mwili. Tena hesabu hiyo haitoki kwenye rula. Kila kiwanda hujipangia chenyewe, hata robo nne ya mmoja yaweza kulingana na robo tano ya mwingine.

Vipimo vya kweli ni vile vya milimita: upana wa ndani wa bomba kwenye vali, ambao kwa kawaida huwa kati ya milimita 16 na 21, na upana wa mdomo mkubwa utoao sauti, ambao huwa sentimeta 35 hadi 50. Hata hivyo, kimoja peke yake hakitoshi. Tuba nene sana yaweza kuwa na bomba jembamba kwenye vali kuliko tuba ya wastani, kwa maana unene huongezeka mbele ya vali, kuelekea mdomoni.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tusiulize tu ni robo ngapi. Tuulize sauti ya msingi, milimita na uzito. Kisha tumweke kijana mwenyewe aipakate na kuipuliza wimbo mzima. Tuba kubwa hudai pumzi nyingi, na mtoto wa miaka kumi na miwili akishindwa kuijaza, ataiacha. Ile ya robo tatu itampa besi ile ile, naye atabaki kundini.

Mwisho, vipimo hivyo viandikwe katika daftari la mali za Usharika, ili watakaotufuata wajue walichorithi.