Nyati Mmoja ni Shilingi Ngapi?

(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo, Mwika)

Wengine mmetoka shambani moja kwa moja, migomba bado inawangoja. Hatutawachosha.

Mkutano uliopita mzee mmoja alituuliza swali, na sisi hatukuwa na jibu la haraka. Alisema hivi: "Mgeni anakuja na bunduki, anaua nyati, anapigwa picha, anasindikizwa uwanja wa ndege. Kijana wetu akitega kitanzi msituni, anafungwa. Kwa nini?" Swali hilo ni zito. Tumekwenda kusoma na kuulizia, na leo tunaleta tulichopata.

Kwanza tujue mnyama ni wa nani. Huko Afrika ya Kusini na Zimbabwe mtu mwenye shamba lenye uzio anaweza kufuga nyati na kuuza uwindaji wake, kama sisi tunavyouza ndama. Nchini Zimbabwe sheria ya mwaka 1975 iliwapa wenye ardhi madaraka juu ya wanyama, na baadaye mashamba makubwa ya ng'ombe kama yale ya Save na Bubye yakageuzwa hifadhi za watu binafsi. Kule nyati ni biashara kubwa hasa. Mwaka 2012 Bwana Cyril Ramaphosa, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Afrika ya Kusini, alitoa dau la randi milioni 19.5 mnadani kwa nyati jike na ndama wake, na bado hakumpata! Watu walilalamika, naye akaomba radhi.

Kwa nini bei kubwa hivyo? Sababu moja wafugaji mtaielewa upesi: magonjwa. Nyati hubeba ugonjwa wa miguu na midomo, kifua kikuu, ugonjwa wa kutupa mimba, na aina ya ndigana, na mara nyingi yeye mwenyewe haonyeshi dalili. Nyati aliyepimwa akaonekana hana magonjwa hayo manne ndiye wa bei. Nani angependa nyati mgonjwa apumue karibu na ng'ombe wake wa maziwa?

Hapa Tanzania mambo ni tofauti. Mnyama pori ni mali ya umma, chini ya Rais. Hata akilala katika kihamba chako, si wako. Serikali hukodisha kitalu cha uwindaji kwa kampuni, ardhi na wanyama vikabaki vya umma. Tangu mwaka 2019 vitalu hunadiwa kwa njia ya mtandao. Vijiji navyo vinaweza kuungana na kutenga ardhi yao kuwa Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori. Jumuiya ya Enduimet iko upande wa magharibi wa mlima wetu huu huu, wilaya ya Longido. Kampuni ikilipa kule, sehemu ya fedha hurudi kwenye jumuiya na vijiji vyake. Ikiwa inafika yote kama ilivyoandikwa, hilo ni jambo la wanakijiji kuuliza mkutanoni, na waulize kwa sauti.

Sasa bei. Mgeni anayetaka nyati Tanzania kwa siku kama kumi, gharama yake mara nyingi hufika dola 20,000 na kupita. Hiyo ni kama shilingi milioni 50. Sehemu kubwa ni malipo ya kila siku: kambi, gari, wapishi, wafuata nyayo. Ada ya mnyama ni nyingine. Kibali cha bunduki ni kingine. Ndege ndogo ya kumfikisha porini, mbali. Kuandaa pembe na kuzisafirisha, mbali tena. Na akimjeruhi nyati akapotea kichakani, analipa ada ileile. Damu ikionekana, hesabu imefungwa.

Tena hapigi anavyotaka. Lazima awe na mwindaji bingwa mwenye leseni na askari wa wanyamapori. Haruhusiwi kupiga usiku, wala kutoka ndani ya gari. Hapigi jike wala ndama. Anayetafutwa ni dume mzee, ambaye pembe zake zimekutana pajini zikawa ngumu kama jiwe. Bunduki yenyewe isiwe ndogo: risasi ya upana wa milimita 9.5 hivi au zaidi, maana nyati aliyejeruhiwa huzunguka akamngoja mtu kichakani. Wafuata nyayo ndio wanaotangulia. Vijana wanaokwenda kutafuta kazi hiyo walijue hilo kabla ya kuuliza mshahara.

Siku zote haikuwa hivi. Toka mwaka 1973 hadi 1978 uwindaji wa kitalii ulipigwa marufuku nchini. Kenya waliufunga mwaka 1977 na hawajaufungua. Ukivuka Holili ukaingia Taveta, fedha zako hazikununulii nyati hata mmoja.

Turudi kwa mzee wetu. Msitu wa hapo juu yetu uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na ndani ya Hifadhi ya Taifa hakuna anayewinda, tajiri wala maskini. Yule mgeni naye akitega kitanzi pale, ni mhalifu. Hilo ni jibu la sheria. Lakini mzee ana haki upande mwingine: milioni 50 hakuna mtu wa Mwika anayeweza kuzitoa, na babu zetu waliwinda bila risiti. Hatuwezi kusema hakuna uchungu hapo.

Ila kuna hatari moja lazima tuiseme wazi. Nyama inayoletwa usiku ndani ya mfuko, kwa bei ya kutupa, nayo huhesabiwa nyara ya serikali. Ukikutwa nayo bila kibali, kifungo kinaweza kuwa miaka 20 hadi 30. Mama aliyekuwa anapika tu anaweza kwenda. Tangu mwaka 2020 kuna kanuni za mabucha ya nyamapori, yenye leseni na risiti. Anayetamani nyama ya nyati anunue huko, na risiti aitunze hadi sufuria imeoshwa.

Mzee, umeridhika? Kama bado, tunasikiliza.