Mashini ikumbuke majina ya safu, sisi tukumbuke watu



Leo tutaongea juu ya kakitu kadogo ndani ya kompyuta. Msicheke kwanza. Hako kakitu kanaweza kufanya familia moja ya Masisi ihesabiwe ao isahaulike.

Inchi yetu ilihesabu wakaaji wake mara ya mwisho mwaka 1984. Wengi wetu hapa hatukuwa tumezaliwa. Desemba 2023, Wakongomani walipopiga kura, Masisi haikupiga, juu ya vita. Fasi hakuna hesabu, kila mtu anatengeneza orodha yake: kanisa, shule, kituo cha afya. Sisi pia tulitengeneza yetu: familia zilizokimbia Masisi na Walikale, zimetoka wapi, ziko wapi leo, watoto ni wangapi.

Orodha iko ndani ya hifadhidata, na kuiuliza lazima uandike kwa lugha ya SQL. Hapo njo shida ilianza. Ukikosea jina la safu, ile tunaita kolone, mashini inakataa. Hiyo si mbaya, kosa unaliona. Kosa baya ni lile halipigi kelele. Tulikuwa na safu mbili: «lok_asili», mahali familia ilitoka, na «lok_sasa», mahali iko leo. Mwenzetu mmoja alichukua ya pili akidhani ni ya kwanza. Mashini ikajibu bila kusita. Watu wa Nyabiondo waliokimbilia Sake wakahesabiwa sawa watu wa Sake.

Kwa hiyo tuliongeza mapendekezo: ukianza kuandika, mashini inakuonyesha safu zilizoko, unachagua. Si uchawi. Hifadhidata inajua majina ya safu zake. MySQL na PostgreSQL zinayaweka ndani ya information_schema. Unayachukua, unayapa CodeMirror, kihariri cha bure kinachotumika ndani ya brauza, hata pasipo intaneti. Hizo hifadhidata mbili zinakubali pia maelezo mafupi kwa kila safu. Tukaandika kwa Kiswahili: «mahali familia ilitoka». Maelezo hayo yanatokea kando ya jina. Leo hata asiyesomea informatiki anachagua vizuri.

Kuko mtego mmoja. Ndani ya SQL unaandika SELECT na safu, kisha FROM na jedwali. Mashini inaombwa safu kabla haijajua jedwali. Dawa ni nyepesi: andika kwanza FROM na jina la jedwali, kisha rudi nyuma ujaze safu.

Tena, mapendekezo ya safu hayatengenezi kilichoandikwa ndani yake. Kitchanga, mwengine ameandika Kichanga, mwengine Kitshanga. Ukiuliza moja, zingine zinabaki inje. Tuliweka jedwali la majina ya mahali: jina moja tulilokubaliana, na namna zote watu wanaliandika.

Sasa neno zito. Kihariri kinachopendekeza kila kitu kitamuonyesha mtu yeyote safu ya majina na ya namba za simu. Wandugu, tunajua orodha ya majina inafanya nini ikiangukia mikononi mwa mwenye bunduki. Na kuficha safu kwenye mapendekezo si kufunga mlango: anayejua jina lake ataliandika kwa mkono. Mlango unafungwa ndani ya hifadhidata yenyewe. Kwa GRANT, kila mtu anapewa haki ya kusoma safu anazohitaji tu. Uzuri ni kwamba information_schema inamuonyesha mtu zile safu tu ana haki nazo. Kila mmoja akiingia kwa jina lake, mapendekezo yanafuata kufuli. SQLite haina kufuli ya namna hiyo: aliyepata faili, amepata yote. Majina ya watu tusiyaweke humo.

Tuko na diploma, kazi hatuna. Serikali itatujibu juu ya hilo, hatutaacha kuuliza. Lakini tukingoja, tusikubali ndugu zetu wa Masisi na Walikale wapotee juu ya herufi moja. Mwenye mashini aje nayo mkutano ujao. Asiye nayo aje pia, tutakaa wawili wawili.

Tuko pamoja.