Nani Kapanga Bei ya Dagaa?

Leo twende soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Mashua zimeingia alfajiri, na dalali ameweka ndoo ya dagaa mbele ya watu. Tuseme anaanzia shilingi 20,000. Kimya. Anashuka hadi 15,000. Mama anayeuza dagaa wa kukaanga anainua mkono, kijana wa baiskeli anaongeza 500, mwingine 1,000, kisha wote wananyamaza. Bei imepatikana, na hakuna mkubwa aliyeipanga ofisini.

Sasa subiri mwezi upevuke. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina kazi, na mashua nyingi hubaki pwani. Wanunuzi ni walewale, ndoo chache. Bei inapanda. Wachumi husema ugavi umepungua; pale Feri wanasema tu, "Mwezi huo!" Baadhi ya akina mama wanahamia kwenye maharage wiki hiyo, na kuhama kwao ndiko kunakoizuia bei isipae zaidi. Mwenye dagaa wakavu stoo naye anawatoa, maana bei imemnong'oneza.

Sisemi soko halina hila. Madalali wakikubaliana pembeni bei isishuke, hapo si mwezi tena. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mapatano hayo, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Lakini kabla ya kulalamika, tazama kwanza angani.