Nani Alipie Mfereji: Mwenye Bomba au Mwenye Kiwanja?



Mfereji mkubwa wa maji hauwezi kujengwa kwa makusanyo ya mwaka mmoja. Lazima kukopa. Jioni hii nauliza nani abebe mkopo huo: anayefungua bomba, au mwenye kiwanja hata kama hachoti tone?

Kusini mwa California walilijibu swali hili mapema. Mwaka 1928 Los Angeles na miji jirani iliunda wilaya ya maji, Metropolitan Water District, ili kuvuta maji ya mto Colorado. Mwaka 1931, uchumi ukiwa umeporomoka, wapiga kura waliidhinisha hatifungani za dola milioni 220. Maji yalifika mwaka 1941, baada ya kupitishwa jangwani kilomita 390 hivi. Wanunuzi walikuwa wachache, na kwa miaka mingi deni lilibebwa zaidi na kodi ya ardhi na majengo. Los Angeles, yenye mali nyingi, ililipa sehemu kubwa kabisa, ingawa yenyewe ilitegemea zaidi maji ya bonde la Owens.

Je, ilionewa? Kwa kiasi, ndiyo. Lakini kodi hiyo ina msingi wa haki. Maji yakifika, kiwanja kitupu nacho hupanda bei. Mwenye nacho asipochangia, faida yake inalipiwa na mpangaji kupitia ankara ya kila mwezi.

Udhaifu wake ni kwamba kodi hufuata thamani ya nyumba, si kipato cha mwenye nyumba. Mwaka 1978 wapiga kura wa California waliiwekea ukomo wa asilimia 1 ya thamani, isipokuwa kwa madeni yaliyoidhinishwa kwa kura. Kwa mlango huo wilaya inaendelea kutoza, ikiegemea kura ya mwaka 1960 iliyopitisha mradi wa maji wa jimbo. Mwaka 2024 bodi yake ilipandisha kiwango kutoka asilimia 0.0035 hadi 0.007. Nyumba iliyothaminiwa dola 500,000 sasa inadaiwa dola 35 kwa mwaka badala ya 17.50. Ni fedha kidogo, lakini wengi wanaozilipa hawakuwa wamezaliwa kura hiyo ilipopigwa.

Nasimama hapa: ujenzi uchangiwe na ardhi inayonufaika, matumizi yalipwe kwa mita, na kila hati ya kodi ionyeshe deni, riba na mwaka wa mwisho.

Nasi Tanzania tumeanza kukopa sokoni. Hatifungani ya maji ya Tanga, ya mwaka 2024, inalipwa kwa mapato ya ankara. Mzigo uko kwa mwenye bomba. Kabla ya miji mingine kufuata, wananchi waelezwe hesabu yote na waulizwe, kwa maana deni la maji hurithiwa na watoto.