Kimo cha Gari la Mbio za Lami: Namna ya Kukipima na Kukipanga Katika Gereji za Kitengela

Mada kwa semina ya mafundi na madereva, Kitengela, Kaunti ya Kajiado



1. Utangulizi

Gari ninalolizungumzia leo ni gari la kawaida lenye namba na bima, ambalo mwenyewe amelitayarisha kwa mbio za lami za kushindana na saa, kama Kiamburing TT, au kwa siku ya mbio pale Whistling Morans, jirani zetu. Halibebwi kwa lori. Linaendeshwa hadi uwanjani, linakimbizwa, linarudi kwa barabara ya Namanga, na Jumatatu linampeleka mwenyewe kazini.

Hoja yangu ni kwamba kimo cha gari hilo huamuliwa na mambo mawili yanayopimika: mlalo wa mkono wa chini unaoshika gurudumu, na nafasi iliyobaki kwa shoki kubonyea. Pengo kati ya tairi na madigadi, ambalo wengi wetu hulipima kwa vidole, halituelezi lolote kati ya hayo.

Mazoea yetu yametoka kwingine. Ujuzi wa magari ya mbio nchini ulikuzwa na Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, na nyanda za Kajiado zilikuwa kwenye njia yake hadi 2002, mwaka wa mwisho kabla mashindano ya dunia hayajaondoka Kenya na kurejea 2021. Gari la Safari huinuliwa. Wateja wetu wa kila siku nao huagiza gari kutoka Japani, kisha wanatuomba spesa ili lisikwaruze matuta. Tumejifunza kuinua. Kushusha nako kuna kanuni zake, na ni lazima tuzijue kabla hatujashika spana.

2. Kinachobadilika gari likishuka

Tuchukue Subaru Impreza ya GC8 au GD, ambayo shoki na springi zake zimesimama pamoja kwenye kona zote nne. Likiwa na kimo cha kiwandani, mkono wa chini wa mbele huwa karibu sambamba na sakafu, au umeinama kidogo upande wa gurudumu. Ukilishusha milimita 50, boli jointi inakuwa juu kuliko bushi za ndani. Hapo mambo matatu hutokea.

Kwanza, kitovu ambacho bodi hulalia kwenye kona hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito. Umbali kati ya vitovu hivyo ndio unaoipa kona nguvu ya kulaza bodi, na sasa umeongezeka. Kwa springi zilezile, gari lililoshushwa kupita kiasi linaweza kulala zaidi kuliko lilivyolala awali.

Pili, gurudumu la nje likibonyea kwenye kona huacha kuinamia ndani na huanza kuinamia nje. Tairi hulika ukingo wake wa nje, na mshiko hupungua wakati unapohitajika zaidi.

Tatu, tairodi hubadilika mlalo. Kila gurudumu likipanda na kushuka, huvutwa au husukumwa, na gari hujigeuza lenyewe kwenye mawimbi ya lami. Dereva anasema gari linatangatanga, tunamfanyia alaimenti upya, naye anarudi wiki ijayo na malalamiko yaleyale. Dawa ni kuinua gari hadi mkono wa chini urudi karibu na usawa, au kufunga boli jointi ndefu pamoja na ncha za tairodi zinazolingana nazo.

3. Hesabu ya nafasi

Springi nyingi za koilova za Kijapani, yaani shoki zenye ringi za kurekebisha kimo, huandikwa ugumu wake kwa kilo kwa milimita. Kona yenye mzigo wa kilo 300 juu ya springi ya 6 itabonyea milimita 50 gari likiwa limesimama tu. Gurudumu likikuta wimbi katikati ya kona na mzigo ukafika mara mbili, springi itahitaji milimita 50 nyingine. Kama umebakiza 30, shoki inagonga mpira wa kuzuia. Ghafla kona hiyo ya gari inakuwa ngumu mara nyingi zaidi na tairi inateleza bila onyo.

Ukifunga springi ya 8, mzigo uleule utahitaji milimita 37 na nusu. Lakini udongo wetu mweusi huvimba mvua ikinyesha na kupasuka ukikauka, na barabara zilizojengwa juu yake hupata mawimbi. Springi ngumu mno huirusha tairi juu ya mawimbi hayo, na tairi iliyo hewani haishiki kitu.

Tofautisheni pia aina za koilova. Ile inayoshushwa kwa kuteremsha kikombe cha springi peke yake hupoteza nafasi ya kubonyea kila unapokizungusha. Ile yenye sehemu ya chini inayofunguka hushusha gari bila kugusa nafasi ya shoki, ila tairi inaweza kufika kwenye madigadi mapema.

Kuna kipimo cha bei nafuu kabisa. Funga kamba ya plastiki ya kufungia nyaya kwenye chuma kinachong'aa cha shoki, isukume hadi iguse mwili wa shoki, kisha endesha gari. Shoki ikibonyea, kamba itasukumwa na kubaki pale ilipofikishwa. Chukua kipimo mara mbili: baada ya matuta ya kutoka Isinya hadi Kitengela, na baada ya duru za mbio. Kamba ikikutwa imefika kwenye mpira, gari liko chini mno au springi ni laini mno.

4. Utaratibu wa kupima

Tuanze na sakafu. Ikiwa sakafu imeinama milimita 10, kila kipimo kitakachofuata ni cha uongo. Kitengela ina mafundi wa ujenzi kila mtaa, na mpira wao mwangavu wenye maji ni kifaa sahihi kwa kazi hii. Weka alama mahali pa magurudumu manne, linganisha usawa wa maji, na pale palipo chini pandisha kwa vigae au mbao nyembamba. Baada ya hapo:

1. Jaza tairi upepo wa mbio, weka nusu tangi ya mafuta, na mifuko ya mchanga yenye uzito wa dereva kwenye kiti cha kulia.
2. Fungua kiungo cha stabilaiza ili isivute upande mmoja.
3. Kila ukishusha gari kutoka kwenye jeki, lisukume mbele na nyuma mita chache. Tairi iliyoshushwa hung'ang'ania sakafu na kuliacha gari juu ya kimo chake halisi.
4. Pima kutoka sakafuni hadi katikati ya bolti ya bushi ya ndani, kisha hadi boli jointi, kulia na kushoto. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo mlalo wa mkono.
5. Zungusha ringi za koilova. Mahali ambapo springi imekaa ndani zaidi ya gurudumu, milimita 10 za ringi huwa nyingi zaidi kwenye tairi. Kwa uwiano wa 0.7, huwa karibu 14.
6. Pima uzito wa kila kona. Kwa gari la kilo 1,300, mbele kushoto ukijumlisha na nyuma kulia inafaa ikaribie 650. Ukiinua kona moja, unaongeza mzigo wa kona hiyo na wa ile iliyo mshazari nayo.
7. Alaimenti iwe ya mwisho, kwa sababu kila badiliko la kimo huivuruga.

Kabla ya alaimenti hiyo, toa springi, rudisha shoki peke yake, inua gurudumu kwa jeki hadi mpira wa kuzuia, kisha geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili. Tazama kama tairi inagusa mpira wa breki au waya wowote. Ukaguzi huu hauna njia ya mkato.

5. Kimo kimoja kwa njia na uwanja

Wapo wanaoshusha gari uwanjani na kuliinua jioni. Kila mzunguko wa ringi hubadilisha alaimenti na uzito wa kona, kwa hiyo dereva huyo anakimbia na gari ambalo hakuna aliyelipima. Ushauri wangu ni kupanga kimo kimoja ambacho gari linavuka nacho matuta ya barabara ya Namanga bila sampu kugusa. Sampu ikipasuka, oili humwagika kwenye lami, na anayeumia anaweza kuwa dereva wa nyuma asiyejua lolote.

6. Mapendekezo

Kwanza, kila gari liwe na daftari lake lenye kimo, uzito wa kona, springi na alaimenti, na nakala abaki nayo mwenye gari.

Pili, gereji za Kitengela, Isinya na Kajiado zichangie seti moja ya mizani minne. Gereji moja haiihitaji kila siku, ila sote tunaihitaji.

Tatu, tukubaliane leo kukataa kukata springi kwa grainda. Springi iliyokatwa huwa fupi, na gurudumu likining'inia inaweza kuchomoka mahali pake gari likiwa mwendoni. Mteja anayeitaka aelezwe hatari hiyo waziwazi, aoneshwe springi fupi zilizotengenezwa kwa gari lake, na akisisitiza, kazi hiyo tusiifanye.