Tableti Moja, Mikono Mingi

Wandugu wasikilizaji, wababa na wamama, wakubwa wa mitaa, na ninyi jamaa mliokimbia vita mkafika hapa Lubumbashi, leo tunaongea juu ya muziki ambao vijana wanautengeneza kwenye tableti. Tukiona mtoto ameinamia kioo, wengi tunasema anapoteza wakati. Tuangalie kwanza anafanya nini.

Katika tableti unaweza kuweka programu ya sintesaiza, ni kusema kinanda kisicho na mbao wala nyuzi. Kijana anagusa kioo, na chombo kinatengeneza sauti: nzito kama ngoma kubwa, au nyembamba kama filimbi. Anapanga mdundo, nao unajirudia wenyewe. Juu yake anaweka besi, kisha gitaa, kisha sauti ya mtu. Kila kimoja kina mstari wake. Anaweza pia kurekodi mchi ukitwanga kinuni, au likembe la babu, akaipiga sauti hiyo kwa vidole. Programu nyingi zikiisha kuwekwa hazihitaji intaneti. Nyingine zinafanya kazi hata kwenye simu.

Mwaka 2010 kikundi cha Uingereza kinachoitwa Gorillaz kilitengeneza albamu The Fall, sehemu kubwa kwenye tableti, kikiwa safarini Marekani. Hakikungoja kurudi nyumbani. Basi aliye mbali na kwao anaweza kutunga pia.

Sisi watu wa Katanga tumeona jambo kama hili zamani. Gitaa halikuzaliwa kwetu. Lakini mwaka 1952, kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda, mtoto wa Bunkeya. Mwenda aliimba Kiswahili chetu, na sauti yake ilifika mpaka Kenya. Watu waliokuja kwenye migodi kutoka pande nyingi, kila mmoja na lugha yake, walipata wimbo wa kusikiliza pamoja. Hata tableti ina kitu chetu. Betri nyingi za vyombo hivi zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, katika Lualaba na Haut-Katanga.

Lakini wandugu, kuna hatari. Katika miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Jamaa nyingi zililala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi zikingoja treni. Neno lilitangulia mawe: waliitwa bilulu, ni kusema wadudu. Neno la namna hiyo likiwekwa ndani ya mdundo mzuri, mtoto ataliimba akicheza, bila kujua anabeba nini. Tableti haichagui. Inarudia kile ilichopewa.

Kwa hiyo tunawaomba mambo manne.

Kwanza, tableti isiwe ya upande mmoja. Ikipewa watoto wa waliokimbia peke yao, jirani atauliza: na wangu je? Iwekwe pahali ambapo mtoto aliyetoka Mitwaba au Pweto na mtoto aliyezaliwa Katuba wanafika bila woga. Wimbo una mistari mingi: huyu alete mdundo wa kwao, yule alete gitaa, mwingine maneno.

Pili, kabla wimbo haujatumwa kwa simu, wazazi wa pande zote wausikilize. Kila neno la lugha ambayo wengine hawaijui lielezwe. Kijana akiulizwa, «Neno hili kwenu maana yake nini?», hapo mazungumzo yameanza.

Tatu, wasichana wapewe zamu ya kushika chombo na kupanga sauti. Wasiitwe kuimba tu wakati kazi imekwisha.

Nne, tumieni spika ya waya, kwa maana isiyo na waya inachelewesha sauti na kuvuruga mdundo. Na chajini mapema, umeme ukiwapo.

Hatuwadanganyi: wimbo haurudishi shamba, wala haujengi nyumba iliyochomwa. Mambo ya mashamba na ya haki yana baraza lake, na lazima yasemwe huko. Lakini watu watafikaje kwenye baraza hilo, kama watoto wao wanaogopana kisimani? Vijana waliotafuta sauti moja pamoja kwa juma zima wanajuana majina. Siku uvumi ukiingia mtaani, mmoja wao atasema: «Huyo ninamjua. Tulipiga muziki pamoja.»

Mkubwa wa mtaa, vijana wako watakutana wapi juma hili? Mama, utamruhusu mtoto wako aende? Ongeeni juu ya maswali haya jioni ya leo, nyumbani na kwa jirani.